Historia si yetu? Njooni Harpers Ferry mnieleze vizuri

Ndugu zangu, leo nimekaa kuandika nikiwa na hasira kidogo, kwa hiyo mwenye moyo mwepesi airuke hii asubiri nyingine.

Ilianzia kwenye nyama choma. Tulikuwa kwa jamaa mmoja hapa Silver Spring, Maryland, watu kama kumi na tano hivi, wengi Wabongo, Wakenya wawili na Mganda mmoja. Nikatoa hoja kwamba Jumamosi inayofuata tukusanyane magari mawili twende Harpers Ferry, mji mdogo wa milimani kule West Virginia, mwendo wa kama saa moja na nusu. Akadakia kaka mmoja ninayemheshimu sana, amenitangulia miaka mingi nchi hii na ndiye aliyekuja kunipokea uwanja wa ndege na koti mkononi. Akasema, "Mdogo wangu, milima mimi nimeiacha Lushoto. Na hizo habari za watumwa waachie wenyewe. Historia yao si yetu. Hawa watu wanachojua ni kulalamika tu." Watu wakacheka. Dada mmoja akakumbusha kwamba wikiendi ile kuna punguzo la bei madukani. Mjadala ukafungwa, tukarudi kwenye Simba na Yanga.

Nilinyamaza. Kwanza kwa sababu ni mkubwa kwangu. Pili, nisiwe mnafiki, maneno hayo hayo mimi mwenyewe nimeyasema. Miaka yangu ya kwanza nilipokuwa nabeba maboksi usiku kwenye ghala, msimamizi alikuwa akipita ananipiga bega: ninyi Waafrika wachapakazi bwana, si kama hawa weusi wa hapa. Nami kichwa kinavimba. Narudi nyumbani alfajiri mgongo unauma, lakini moyo mweupe, nimesifiwa. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba yule bwana alikuwa ananilipa sifa ili asiniongezee dola.

Basi Jumamosi ikafika, nikaenda peke yangu.

Mji wenyewe, tusidanganyane, ni mzuri. Wakazi wake hawafiki 300. Umekaa kwenye ncha ya ardhi mahali mito miwili, Potomac na Shenandoah, inapokutana, na milima imeuzunguka pande zote kama watu waliozunguka moto. Ilikuwa vuli, majani yote yamegeuka rangi. Nyumba za mawe na matofali, ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, kanisa la Katoliki juu ya kilima, reli na daraja lake vinaingia mlimani. Kahawa wanauza kwa bei ya kilo kadhaa za sukari, lakini hayo tuyaache.

Nikajiunga na kikundi cha wageni kama wanane. Aliyetutembeza alikuwa mzee mweusi, mwenyeji wa maeneo yale, mwalimu mstaafu, fimbo mkononi, hatua fupi fupi. Jina lake silitaji maana sikumwomba ruhusa. Kitu cha kwanza alichotufanyia ni kutupandisha zile ngazi hadi kwenye jiwe wanaloliita Jefferson Rock. Thomas Jefferson alisimama pale mwaka 1783, akaja kuandika kwamba mandhari ile inastahili mtu avuke Bahari ya Atlantiki kuja kuiona. Wageni wote kamera juu. Mzee akawaacha wapige picha hadi waridhike, kisha akasema kwa upole kabisa kwamba Jefferson katika maisha yake alimiliki zaidi ya watu 600, na kwamba kuna watu waliovuka hiyo Atlantiki ambao hakuna aliyewauliza kama mandhari inastahili. Akageuka, akaanza kushuka. Hakungoja mtu ashangae.

Hapo nikajua huyu si mtu wa kusikiliza kwa sikio moja.

Kwa wasiojua, mji huu ulikuwa na kiwanda na ghala la silaha la serikali ya Marekani. Usiku wa Jumapili, tarehe 16 Oktoba 1859, mzee mmoja mzungu anaitwa John Brown aliingia na vijana wake 21 kuliteka ghala lile, akitaka silaha zile zianzishe ukombozi wa watumwa wa Virginia. Wengi mmesikia habari za John Brown. Lakini niulizeni mimi niliyesoma historia mpaka kidato cha sita: katika wale 21 walikuwemo weusi watano, na sikuwahi kusikia jina la hata mmoja. Dangerfield Newby. Lewis Leary. John Copeland. Shields Green. Osborne Anderson. Mzee aliyataja moja moja akigonga fimbo chini.

Nataka nikae kidogo kwa huyu Newby, kwa sababu sisi wa ughaibuni ndio tunaoweza kumwelewa kuliko watu wote waliosimama pale siku ile. Alikuwa mhunzi. Alizaliwa mtumwa Virginia, akapata uhuru baba yake mzungu alipowahamishia Ohio. Mkewe Harriet na watoto wakabaki Virginia, mali ya mtu. Newby akafanya kazi, akadunduliza senti kwa senti ili awanunue. Mwenye mali hakukubali kumwachia. Harriet akawa anamwandikia barua: fanya haraka, bwana anahitaji pesa, nisije nikauzwa mbali, na huyu mtoto wetu mdogo ameanza kutambaa. Nani kati yetu hajawahi kupokea simu ya namna hiyo? Utatuma lini, utakuja lini, mtoto ameanza kutembea hakujui. Tofauti ni kwamba sisi tunahangaika na viza, yeye alikuwa anahangaika na bei ya mke wake.

Pesa ziliposhindikana akamfuata John Brown. Alikuwa wa kwanza kufa katika kikosi kile, alipigwa risasi barabarani, na wenyeji wakaukatakata mwili wake, wakachukua masikio. Zile barua zilikutwa kwenye vitu vyake. Harriet na watoto waliuzwa Louisiana.

Sasa nenda kamwambie Newby kwamba anachojua ni kulalamika tu.

Mzee alitupitisha kwenye banda la matofali la zimamoto ambako Brown alijifungia mpaka askari wa majini wakiongozwa na Robert E. Lee walipovunja mlango tarehe 18. Kumi katika wale watu waliuawa, saba walinyongwa baadaye, watano walitoroka. Katika weusi watano aliyetoka salama ni Osborne Anderson peke yake, na mwaka 1861 akatoa kitabu chake kueleza yaliyotokea. Brown alinyongwa tarehe 2 Desemba kule Charles Town. Copeland na Green walinyongwa tarehe 16 mwezi huo huo.

Halafu mzee akasema jambo lililonifanya nishike ukuta. Baada ya kunyongwa, miili ya Copeland na Green haikurudishwa kwao. Ilichukuliwa na wanafunzi wa chuo cha udaktari cha mji wa Winchester ikapasuliwe. Wazazi wa Copeland waliokuwa Oberlin, Ohio, walimtuma profesa mmoja wa kule akauombe mwili wa mtoto wao. Alifika mpaka Winchester, akarudi mikono mitupu.

Wageni wengine walitikisa vichwa wakaendelea na safari. Mimi nilishindwa. Mimi ni mtoto wa Songea. Nimekulia mji unaoitwa kwa jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 kwenye Vita vya Majimaji, yeye na wenzake kwa makumi. Wenzake wamezikwa pamoja kaburi moja, pale palipo Makumbusho ya Majimaji. Yeye, wazee wetu wanasema, kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha, na hicho kichwa kilikuwa bado kinatafutwa. Bibi yangu alikuwa akilisema jambo hili kwa sauti ya chini kama anamsema mtu aliye chumba cha pili.

Kwa hiyo nimesafiri maelfu ya kilomita, nimekaa nchi hii miaka yote hii nikisema historia yao si yetu, nikakuta mlimani West Virginia watu wanaotafuta maiti ya mtoto wao kama sisi tunavyotafuta kichwa cha babu yetu.

Nilimwambia mzee. Alisimama akaniangalia, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akasema, "Kwa Nyerere." Rafiki yake, akaniambia, alikwenda Dar es Salaam mwaka 1974 kwenye Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika, na alirudi akiongea habari za Dar hadi wakamchoka. Kisha akaniuliza swali rahisi tu: "Huko Songea wageni wakija anayewatembeza ni nani?" Jamani, sikuwa na jibu. Makumbusho yale nimeingia mara moja, darasa la tano, tumepangwa mstari, nikiwaza mandazi. Yeye anajua habari zangu, mimi sijui zake, na zangu zenyewe naongezewa na yeye.

Njiani kuna jiwe ambalo bila mwenyeji ungelipita. Lilisimamishwa mwaka 1931 na vyama vya watoto wa wapiganaji wa Kusini, wale waliopigana ili utumwa uendelee. Linamtaja Heyward Shepherd, mtu mweusi huru, mchukuzi wa mizigo pale stesheni ya reli, ambaye kwa msiba wake ndiye wa kwanza kuuawa usiku ule, na aliuawa na watu wa Brown wenyewe. Hilo mzee hakulificha, wala mimi silifichi. Lakini waliosimamisha jiwe hawakuwa na uchungu na Shepherd. Walimgeuza ushahidi kwamba weusi waliridhika na waliwapenda mabwana zao. Maiti hawezi kukataa sifa. Siku ya uzinduzi mwalimu wa muziki wa Storer College, chuo cha weusi cha pale pale, Pearl Tatten, alisimama mbele ya wote akapinga. Mwaka uliofuata W.E.B. Du Bois na NAACP walileta bamba lao la kumkumbuka Brown. Wakuu wa chuo wakalikataa. Lilikuja kuwekwa pale mwaka 2006, miaka 74 baadaye.

Nikaikumbuka Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar, tunapopanga kukutana kila siku. Ya mwaka 1927, Waingereza wameiweka, inawasifu askari na wapagazi waliokufa kwenye vita ya kwanza ya dunia. Wapagazi waliokamatwa vijijini, wakafa kwa njaa na kuhara wakibeba mizigo ya vita isiyowahusu. Maneno yake alitungiwa Rudyard Kipling ayaandike. Jina la mpagazi hata mmoja halimo. Hilo nalo ni jiwe la Heyward Shepherd, sema letu tumelizoea.

Sasa turudi kwa kaka yangu wa nyama choma, maana najua utasoma. Shikamoo kwanza. Unasema historia yao si yetu. Storer College hiyo hiyo, ilianza mwaka 1867 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, ikafungwa 1955. Miaka ya 1920 alisoma pale kijana kutoka Nigeria anaitwa Nnamdi Azikiwe, yule aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Nigeria. Alipokewa na kina nani? Agosti 1906, mwaka ule ule wa kamba za Songea, Du Bois na wenzake wa Niagara Movement walikutana chuoni hapo, mkutano wao wa kwanza kwenye ardhi ya Marekani. Alfajiri moja walitembea kwenda kwenye lile banda la Brown, ambalo wakati huo lilikuwa limehamishiwa shambani, na wako waliovua viatu. Kutoka hapo ikaja NAACP mwaka 1909. Na Du Bois huyo huyo mwaka 1945 alikuwa Manchester kwenye Kongamano la Tano, meza moja na Nkrumah na Kenyatta. Wewe uliyesoma bure shule ya serikali huru, unajuaje kwamba hukukanyaga ngazi za Harpers Ferry?

Kama hayo ni ya mbali, tuje kwenye pasipoti yako. Kabla ya 1965 sheria ya uhamiaji ya nchi hii ilizipa nchi nyingi za Afrika kiwango cha chini kabisa, watu 100 kwa mwaka. Mia! Hawajai hata kwenye harusi zetu za Maryland. Sheria iliyobomoa mpango huo ilipita mwaka ule ule wa sheria ya haki ya kupiga kura, 1965, na ilisukumwa na upepo ule ule. Watu waliopigwa marungu darajani Selma ndio waliotufungulia mlango. Bahati nasibu ya green card iliyotuleta wengi wetu, ya sheria ya 1990, ilikuja baada ya mlango ule kufunguliwa. Halafu tunaingia, tunajifuta viatu kwenye mkeka wao, tunawaita wavivu.

Najua utanijibu nini, kwa sababu ni kweli. Watatu kati ya watoto wetu wamerudi shuleni wakilia kwa sababu watoto weusi wenzao wamewacheka majina na harufu ya chakula. Nimeulizwa mimi mwenyewe kama nyumbani tunaishi na simba. Dharau ipo pande zote mbili, sikatai. Lakini wao wamefundishwa habari zetu na sinema. Sisi tumefundishwa habari zao na nani, kama si sinema hizo hizo na msimamizi wa ghala? Na polisi akikusimamisha usiku barabarani hataki kujua kama wewe ni Mpare. Hilo unalijua, kaka, nilikuwepo kwenye gari.

Ninaharakisha watu kwa sababu nyingine pia. Machi 2025 ilitolewa amri ya rais ya nchi hii kwamba maandishi kwenye maeneo ya hifadhi ya taifa yapitiwe upya, yale yanayoonekana kuwashusha Wamarekani wa zamani yaangaliwe. Harpers Ferry ni hifadhi ya taifa. Bango linaweza kung'olewa kwa bisibisi. Mzee mwenye fimbo ni vigumu zaidi, ila mzee naye ana miaka yake.

Nilipotaka kuondoka nikampa noti. Akaikunja akanirudishia mfukoni, akaniambia nikanunue kitabu pale dukani, na kama nina watu nirudi nao. Nikamwambia ninao, ila wanapenda sana punguzo la bei. Alicheka sana. Akasema wake pia.

Nimenunua kitabu. Nimempigia pia mwalimu mmoja Songea, tuliyesoma naye, nikamuuliza siku hizi pale makumbusho wanafunzi wanapelekwa mara ngapi. Alinijibu kwa swali: kwani wewe umekumbuka nini leo? Tunaendelea kuongea.

Jumamosi ya pili ya mwezi ujao gari langu lina nafasi nne. Tunaondoka saa mbili kamili asubuhi, saa mbili ya kweli, si ya Kiswahili cha harusini. Vaeni viatu vya kutembelea, zile ngazi si mchezo. Chapati nitapika mimi. Kaka, kiti cha mbele nimekuwekea wewe.